Utambuzi wa Madini kwa Sifa Zake za Kimaumbile

Utambuzi wa madini ni kazi ya kulijua jiwe kwa kulitazama, kulishika na kulijaribu kwa vifaa vyepesi kabla ya kulipeleka maabara. Kazi hii hutegemea sifa zinazoonekana au kupimika papo hapo: rangi, rangi ya unga, mng'ao, ugumu, namna jiwe linavyopasuka, umbo la fuwele na uzito. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita, Mirerani, Taita Taveta au Kivu, ujuzi huu ndio unaomwezesha kujua alichoshika kabla dalali hajamwambia. Kanuni yake kuu ni moja: hakuna sifa inayotosha peke yake kulipa jiwe jina. Jina hupatikana pale sifa tatu au nne zinapokubaliana. Rangi, ambayo watu wengi huanza nayo na kuishia nayo, ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote.

Madini na muundo wake wa ndani

Kisayansi, madini ni kitu kigumu cha asili chenye kemia yake maalumu na atomu zilizopangika kwa utaratibu unaojirudia. Madini na mwamba si kitu kimoja. Mwamba ni mkusanyiko wa madini: katika itale, kwa mfano, macho huona punje za kijivu za kwatsi, punje za waridi au nyeupe za feldispa, na vipande vidogo vinavyometameta vya ulanga. Aina za madini zinazotambuliwa kimataifa ni zaidi ya 5,000, ila zile ambazo mtu hukutana nazo mara kwa mara shambani, machimboni na mtoni ni chache sana.

Sifa za nje hutokana na mpangilio wa ndani. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, na kinywe cha Mahenge, Morogoro, vyote ni kaboni. Ndani ya almasi kila atomu imefungamana kwa nguvu na atomu nne nyingine kila upande, na matokeo yake ni kitu kigumu kuliko madini yote ya asili. Ndani ya kinywe atomu zimejipanga katika tabaka, na tabaka hizo zimeshikana kwa nguvu hafifu. Ukisugua kinywe kwa kidole, tabaka zake huteleza na kuacha weusi kwenye ngozi. Kemia ni ileile, lakini mpangilio ukibadilika, ugumu, rangi, mng'ao na uzito hubadilika pia. Kwa sababu hiyo sifa za kimaumbile huaminika kama njia ya utambuzi: mtu anayezipima anapima, bila kuuona, mpangilio wa atomu.

Rangi

Rangi ya madini mengi hutokana na uchafu kidogo uliomo ndani yake, wala si asili ya madini yenyewe. Korundumu safi haina rangi. Ikipata kromi kidogo huwa nyekundu na kuitwa rubi. Ikipata chuma na titani huwa buluu na kuitwa yakuti samawi. Kwatsi huweza kuwa nyeupe, ya zambarau, ya manjano, ya waridi au ya rangi ya moshi, na bado ikabaki kwatsi.

Kinyume chake pia ni kweli: mawe tofauti huvaa rangi moja. Kijani kibichi huonekana kwenye zumaridi, kwenye tsavoraiti ya Taita Taveta na Simanjiro, kwenye turmalini, kwenye fluoraiti na hata kwenye kioo cha chupa kilichosuguliwa na maji ya mto. Bei za vitu hivyo hazikaribiani hata kidogo.

Yako madini machache ambayo rangi yake ni ya asili na hubaki ileile popote. Malakaiti ya Katanga ni ya kijani daima kwa sababu shaba ni sehemu ya kemia yake, na salfa ni ya manjano. Hata kwa madini hayo, rangi isomwe kwenye uso mpya uliovunjwa. Uso uliokaa juani na mvuani hubadilika: pairaiti hupata kutu ya kahawia, na madini ya shaba hufunikwa na utando wa kijani au wa rangi nyingi.

Rangi ya unga

Unga wa madini una rangi thabiti kuliko jiwe zima. Ili kuupata, jiwe husuguliwa kwenye kigae cha kauri kisichopakwa rangi ya kung'aa. Upande wa nyuma wa kigae cha ukutani au kitako kisichong'aa cha kikombe hutosha. Alama inayobaki ndiyo rangi ya unga.

Hemataiti, ambayo ni madini ya chuma, huweza kuwa nyeusi, ya fedha au nyekundu kama udongo, lakini unga wake daima ni mwekundu wa kahawia. Magnetaiti, madini mengine ya chuma, huacha unga mweusi. Pairaiti ina rangi ya dhahabu, ila unga wake ni mweusi wenye ukijani; unga wa dhahabu ni wa manjano. Galena, madini ya risasi, huacha unga wa kijivu cha giza.

Jaribio hili lina mpaka. Kigae kina ugumu wa karibu 7, hivyo madini magumu kuliko hapo hukikwaruza kigae chenyewe na kuacha unga mweupe ambao si wake. Tena madini mengi yenye mng'ao wa kioo huacha unga mweupe au usio na rangi, kwa hiyo jaribio hili husaidia zaidi kwenye mawe ya giza na yale yenye mng'ao wa metali.

Mng'ao

Mng'ao ni namna uso wa jiwe unavyorudisha mwanga. Mgawanyo wa kwanza ni kati ya mng'ao wa metali na usio wa metali. Galena, pairaiti na dhahabu hung'aa kimetali, na mwanga haupenyi hata kwenye kingo zake nyembamba. Mng'ao usio wa metali una aina nyingi: wa kioo, kama kwatsi, wa almasi, ulio mkali kuliko wa kioo, wa lulu, unaoonekana juu ya tabaka za ulanga, wa hariri, kwenye jasi yenye nyuzinyuzi, wa mafuta au nta, na wa udongo, usiong'aa kabisa.

Mng'ao hauhitaji kifaa, lakini huhitaji uso mkavu, safi na mpya. Jiwe lililolowa maji huonekana la kioo hata kama si la kioo, na wauzaji wengine hulowesha au kupaka mafuta mawe yao kwa makusudi. Mnunuzi na alifute kwanza kwa kitambaa, kisha alitazame.

Ugumu

Ugumu ni uwezo wa jiwe kukataa kukwaruzwa. Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, alipanga madini kumi kwa ngazi, kila moja likiweza kukwaruza yaliyo chini yake:

1. Talki
2. Jasi
3. Kalisaiti
4. Fluoraiti
5. Apataiti
6. Feldispa
7. Kwatsi
8. Topazi
9. Korundumu
10. Almasi

Namba hizi ni za mfuatano, si vipimo vya hatua zinazolingana. Kati ya korundumu na almasi kuna tofauti kubwa ya nguvu kuliko kati ya talki na korundumu.

Asiye na seti ya Mohs anaweza kutumia vitu vya kawaida. Ukucha una ugumu wa 2.5, waya wa shaba karibu 3, kipande cha kioo cha dirisha au ncha ya kisu karibu 5.5, na tupa ya chuma 6.5. Jiwe linalokwaruzwa na ukucha liko chini ya 2.5. Linalokataa kisu na kukikwaruza kioo liko juu ya 5.5, na hapo kalisaiti na fluoraiti zimeshaondoka kwenye orodha.

Alama ya kweli na ya uongo hutenganishwa kwa kidole chenye maji. Jiwe laini likisuguliwa juu ya gumu huacha mstari wa unga unaofanana na mkwaruzo. Ukiufuta ukapotea, ni unga wa jiwe laini. Ukipitisha ukucha na ukahisi mfereji, ni mkwaruzo wa kweli.

Ugumu usichanganywe na uimara. Imani ya kale kwamba almasi haivunjiki kwa nyundo iliandikwa na Plinio wa Roma karibu miaka elfu mbili iliyopita, na mawe mazuri yameharibiwa kwa kuifuata. Almasi haikwaruzwi na madini mengine, lakini hupasuka kirahisi ikipigwa katika mwelekeo wake wa mpasuko. Hakuna jiwe la thamani linalopaswa kupimwa kwa nyundo.

Mpasuko na mvunjiko

Madini yenye mistari ya udhaifu kati ya atomu zake hupasuka kwenye nyuso bapa zinazojirudia. Huo ndio mpasuko. Kinachohesabiwa ni mielekeo mingapi ipo na inakutana kwa pembe gani. Ulanga una mwelekeo mmoja, hivyo huchanika karatasi baada ya karatasi. Feldispa ina miwili inayokutana kwa karibu nyuzi 90. Chumvi ya mawe na galena zina mitatu ya nyuzi 90, na kila kipande kinachovunjika huwa kisanduku kidogo. Kalisaiti ina mitatu pia, ila pembe zake zimeinama, na vipande vyake huwa visanduku vilivyolala upande. Fluoraiti na almasi zina minne.

Madini yasiyo na mpasuko huvunjika ovyo, na huo huitwa mvunjiko. Kwatsi huvunjika kwa mikunjo laini ya nusu duara kama upande wa ndani wa kombe la pwani, na kioo huvunjika vivyo hivyo. Tofauti hii hutenganisha kwatsi na feldispa, mawe mawili ambayo kwa rangi na ugumu hukaribiana sana: likigeuzwageuzwa juani, jiwe la feldispa humulika uso mzima kwa mara moja, ilhali kwatsi humetameta vipande vipande bila mpangilio.

Umbo la fuwele

Madini yakipata nafasi ya kukua huunda fuwele zenye nyuso na pembe maalumu. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mwanasayansi wa Denmark, alionyesha kwamba pembe kati ya nyuso za fuwele za kwatsi hazibadiliki, fuwele iwe ndogo au kubwa, iwe nyembamba au nene. Kanuni hiyo inashika kwa madini yote.

Kwatsi huwa nguzo ya pande sita iliyochongoka, yenye mistari ya kukata nguzo kwa upana. Turmalini pia ni nguzo, lakini mistari yake hupanda kwa urefu, na ikikatwa huonyesha pembetatu iliyovimba. Berili, familia ya zumaridi, ni nguzo ya pande sita yenye kichwa bapa. Korundumu huvimba katikati kama pipa la pande sita. Ganeti huwa donge lenye nyuso 12 au 24. Spineli ya Mahenge, sawa na almasi, huonyesha nyuso nane, kana kwamba piramidi mbili zimeunganishwa vitako. Pairaiti huwa mchemraba wenye mistari midogo usoni.

Uzito linganifu

Uzito linganifu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Ni sifa inayosema mengi na kudanganyika kidogo, na kuipima hakuhitaji maabara. Kinachotakiwa ni mzani mdogo wa kielektroniki, kikombe cha maji na uzi.

Jiwe hupimwa kwanza likiwa kavu. Kisha kikombe chenye maji huwekwa juu ya mzani, na mzani hurudishwa kwenye sifuri. Jiwe hufungwa uzi na kushushwa lizame lote bila kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 40 likisoma gramu 15.1 ndani ya maji, uzito wake linganifu ni 2.65, na hiyo inalingana na kwatsi. Jiwe jingine la rangi ileile, la gramu 40, likisoma gramu 10, limefikia 4.0, na hapo korundumu inaingia kwenye hesabu.

Thamani zinazofaa kukumbukwa ni hizi: chumvi ya mawe 2.2, kalisaiti 2.7, tanzanaiti 3.35, almasi 3.5, tsavoraiti 3.6, korundumu 4.0, pairaiti 5.0, magnetaiti 5.2, galena 7.5, dhahabu safi 19.3. Jiwe liwe safi, la aina moja, lisilo na matundu wala mwamba ulioshikamana nalo, la sivyo hesabu itapotoka.

Sifa nyingine

Magnetaiti huvutwa na sumaku kwa nguvu. Kalisaiti hutoa povu ikidondoshewa tindikali hafifu ya haidrokloriki, na hata siki kali hutoa povu kidogo. Dolomaiti hutoa povu ikishasagwa tu. Kipande angavu cha kalisaiti kikiwekwa juu ya mstari ulioandikwa huonyesha mistari miwili. Talki huteleza kama sabuni. Rubi nyingi na baadhi ya fluoraiti huwaka chini ya tochi ya mwanga wa urujuanimno. Kulamba jiwe ili kutambua chumvi ni desturi ya zamani, lakini jiwe lisilojulikana lisilambwe, kwa kuwa yapo madini yenye aseniki, risasi au zebaki.

Dhahabu na vinavyofanana nayo

Vitu vitatu humchanganya mchekechaji wa mtoni: pairaiti, kalkopairaiti na ulanga uliogeuka manjano kwa kukaa juani na mvuani. Ndani ya karai, ulanga hujitenga wa kwanza, kwa kuwa ni mwepesi na huondoka na maji. Dhahabu hubaki nyuma kabisa, hata nyuma ya mchanga mweusi wa chuma.

Punje iliyobaki huwekwa kivulini na kugeuzwa. Dhahabu hubaki na manjano yaleyale kila upande. Pairaiti na ulanga humulika na kuzimika. Kisha hubonyezwa kwa ncha ya sindano. Dhahabu, yenye ugumu wa 2.5 hadi 3, huingia ndani na kubaki na alama. Ikigongwa hutandazika bila kuvunjika. Pairaiti, yenye ugumu wa 6 hadi 6.5, hukataa sindano na ikigongwa husambaratika, wakati mwingine kwa cheche na harufu ya salfa. Kalkopairaiti ni laini zaidi, 3.5 hadi 4, lakini nayo husagika badala ya kutandazika.

Mawe meusi ya Kagera, Rwanda na Kivu

Katika ukanda unaopita kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, wachimbaji hupata mawe meusi mazito ya aina kadhaa mahali pamoja. Kasiteraiti, madini ya bati, ina uzito linganifu wa karibu 7 na ugumu wa 6 hadi 7, na licha ya weusi wake unga wake ni mweupe au wa kahawia hafifu. Volframaiti, madini ya tangsteni, ina uzito wa zaidi ya 7, ni laini zaidi (4 hadi 4.5), hupasuka vizuri katika mwelekeo mmoja, na unga wake ni wa giza. Koltani, madini ya tantali, huanzia uzito wa 5.2 na kufika 8 kadiri tantali inavyoongezeka, na unga wake pia ni wa kahawia iliyoiva au mweusi. Turmalini nyeusi, isiyo na soko kama hayo, ina uzito wa 3.1 tu na mistari ya kupanda kwa urefu. Mzani na kigae hutosha kuitoa turmalini na kutenga kasiteraiti na koltani.

Kasiteraiti huthibitishwa kwa kuweka punje yake pamoja na kipande cha zinki ndani ya tindikali hafifu ya haidrokloriki. Baada ya dakika chache punje hupata ngozi ya kijivu ya bati. Kazi hii ifanyike nje, kwa glavu na miwani ya kinga.

Tanzanaiti

Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani, wilayani Simanjiro, mwaka 1967. Ni aina ya zoisaiti iliyopata rangi kwa vanadi. Alama yake kubwa ni kubadilika rangi kwa mwelekeo: fuwele ghafi ikizungushwa mbele ya mwanga huonyesha buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na wekundu wa kahawia upande wa tatu. Ikichomwa kwa joto la nyuzi 500 hivi, kahawia hupotea na buluu na zambarau hubaki. Kioo cha buluu hakibadiliki rangi kikizungushwa, na chini ya lensi ya kukuza mara kumi mara nyingi huonyesha viputo vya hewa. Yakuti samawi ni nzito zaidi na ngumu zaidi. Ugumu wa tanzanaiti ni 6 hadi 7 tu, na ina mpasuko kamili katika mwelekeo mmoja, hivyo pigo moja baya la nyundo hugawa jiwe la thamani kubwa vipande viwili.

Mpangilio wa kazi na mipaka yake

Majaribio yaanze na yale yasiyodhuru: kusafisha, kutazama mng'ao na umbo, kuzungusha mbele ya mwanga, kupima uzito, kujaribu sumaku. Baadaye ndipo yaje ya kukwaruza, kusugua kwenye kigae na kudondosha tindikali, nayo yafanyike kwenye kona au kipande kidogo. Kito kilichokwisha kukatwa kisikwaruzwe wala kutiwa tindikali. Kila jibu liandikwe, kwa kuwa kumbukumbu huwa na upendeleo kwa jibu tunalolitamani.

Njia hizi haziwezi kila kitu. Rubi iliyotengenezwa kiwandani kwa njia ya mwanakemia Verneuil, iliyotangazwa mwaka 1902, ina ugumu na uzito uleule wa rubi ya ardhini. Hutambuliwa kwa hadubini kutokana na mistari yake iliyopinda. Punje ndogo sana na mawe yaliyochanganyika huhitaji mionzi ya eksirei na uchambuzi wa kikemia. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na elimu ya vito hutolewa na Kituo cha Jimolojia, Arusha.

Kwa hiyo mchimbaji asiuze na mnunuzi asinunue kwa rangi peke yake. Mzani mdogo, kigae, tupa, sumaku, tochi na lensi huenea kwenye mfuko mmoja wa suruali, na kila mwenye leseni ya uchimbaji mdogo anapaswa kuwa navyo na kujua kuvitumia kabla ya kukubali bei.